Mifupa ya Pallas Yupi

Kigoma, 4 Februari 2024

Baba,

Nimefika salama. Ziwa lilikuwa limetulia, na Audace, baharia wako mpendwa, alinitafutia mahali pa kukaa juu ya magunia, mbali na mafuta ya injini. Barua hii anakuletea yeye. Simu nimeiacha makusudi. Masikio yako yamegoma, na Shangazi Prudence akianza kukupigia kelele kile ninachosema, mtaa wote wa Ngagara unajua mambo yetu. Hili silitaki lijulikane.

Siku ile ya kuganduka, tulipomaliza ibada ya kuondoa matanga ya Mama na watu wakarudi nyumbani kula, mimi nilibaki makaburini. Unajua kwamba Mama hakuniruhusu hata mara moja kufika alipolala kaka yangu Bukuru. Alisema pacha hapelekwi kwenye kaburi la pacha mwenzake, nami nikazoea. Sasa Mama mwenyewe amelazwa ubavuni mwake, hakukuwa na wa kunizuia. Nikafuta vumbi kwenye ile saruji, nikasoma: OSSA PALLADIS.

Baba, wewe mwalimu wa Kilatini ndiye uliyenifundisha. Ulitupa mapacha wako jina moja, Pallas. Padri akalalamika kwamba huyo si mtakatifu, nawe ukamjibu kwamba Wagiriki walikuwa na Pallas wawili, mungu wa kike na kijana wa vita, na Kilatini kiliwaazima wote wawili bila kuwachanganya. Jina likisimama peke yake, wanafanana. Ukisema kitu ni cha nani, wanaachana: cha msichana ni Palladis, cha mvulana ni Pallantis. Ukiwaita, wanaachana tena: msichana anabaki Pallas, mvulana anaacha s yake mlangoni, Palla. Nilijua hayo kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Kwa Kiswahili jiwe lingesema "mifupa ya Pallas", basi, na lisingemkosea mtu. Kwa Kilatini linasema ni mifupa yangu. Na mwenye mifupa hiyo yuko hapa Kigoma, anakula migebuka na kusahihisha daftari za Kifaransa za wanafunzi wake.

Ningecheka kama lisingekuwepo jambo jingine. Tangu nirudi, naitwa. Nikiwa jikoni, nikiwa nafua uani, mchana kweupe. Ni sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Haisemi Pallas, inasema Palla. Tangu Bukuru afe sijamsikia mtu akilitamka neno hilo. Naogopa, Baba.

Nani alikosea?

Binti yako,
Butoyi Pallas


Ngagara, Quartier 5, 13 Februari 2024

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya habari, mara ya pili kwa ajili ya makosa. Daftari yakiwa mengi huitwa madaftari. Mwalimu anayesahihisha wenzake ajikague kwanza.

Fundi alikosea. Ni hayo tu. Alikuwa fundi wa kujenga vyoo, na nani angemlaumu kwa jina la Kigiriki lililovishwa nguo za Kilatini? Mimi wakati ule sikuwa na nguvu za kumrudisha kazini. Jiwe limekaa, nyasi zimekaa, na Mama yako naye sasa amekaa. Usiliguse.

Kuhusu sauti, nadhani umechoka. Msiba wa Mama umekupitia mwilini. Hata hivyo nakuomba jambo moja: ukiitwa Palla, usiitike. Si wewe. Unakumbuka nilivyowalea. Mtoto akiitwa na mkubwa wake anaitika "Karame", yaani uishi sana, kwa sababu anayekuita sawasawa anastahili kutakiwa maisha. Lakini lazima awe amekuita wewe. Nikiita "Pallas!" na Bukuru akatangulia kukimbia, nilimrudisha mlangoni mpaka nimwite kwa jina lake. Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Yeye alikuwa anakosea makusudi.

Unalala vizuri? Una homa? Una upele wowote? Niambie ukweli, usinifiche.

Hapa kwetu Shangazi yako amegombana na jirani kwa sababu ya jenereta. Mimi silisikii jenereta, kwa hiyo ndiye mtu pekee mwenye amani mtaani. Kikohozi changu ni kile kile.

Baba yako,
Népomuscène


Kigoma, 2 Machi 2024

Baba,

Madaftari. Haya, nimesikia.

Sasa nami nikusahihishe. Fundi wa vyoo hajui Kilatini. Ulimwandikia jina kwenye karatasi, naye akalinakili kwa msumari kwenye saruji mbichi, herufi moja moja. Mtu wa namna hiyo akikosea, anasahau L moja, au S yake inaangalia nyuma. Hawezi kutoa NT, akaweka D, neno likatoka safi, halina kasoro, ila ni la mtu mwingine. Fundi akikosea hukosea kama fundi. Huyu amekosea kama mwalimu.

Sikulazimishi useme. Lakini umeniambia nisiitike kwa kuwa anayeitwa ni Bukuru, na hilo limenikaa kichwani wiki nzima. Kama anayeitwa ni Bukuru, basi anayeita si Bukuru. Ni nani? Duniani watu wawili tu walijua kumwita bila s. Mmoja ni wewe, nawe uko Ngagara unakohoa.

Ni Mama, Baba. Amelazwa ubavuni mwa mwanawe, na jiwe linamwambia hapo yupo msichana. Anamtafuta. Anakuja kumtafuta kwangu kwa sababu sisi wawili tulikuwa hatuachani. Nikisikia ile sauti, si ya kutisha, ni ya mtu aliyepika chakula na mtoto hajulikani yuko wapi. Hiyo ndiyo inayoniumiza.

Na kuna hili, nililotaka kukuambia siku ya kuganduka nikashindwa. Nina mimba, na daktari ameona wawili. Mkweo Jimmy tangu daktari aseme hivyo haendi kazini bila kurudi mlangoni mara mbili kuniaga. Nataka nyumba itulie kabla hawajaja. Nataka mjomba wao awe na kaburi lake.

Nimemwomba Audace amtafute fundi huko. Ajaze saruji juu ya jina, aandike PALLANTIS. Nimemwandikia kwa herufi kubwa. Barua hii ikikufikia, nadhani kazi itakuwa imekwisha. Usinikasirikie.

Binti yako,
Pallas, aliye hai


Ngagara, 11 Machi 2024

Pallas,

Audace alinikabidhi barua yako akiwa na saruji kwenye viatu. Nilimsoma midomoni: "Muzee, kazi ya mutoto wako imekwisha, kaburi iko muzuri sana." Nikamshukuru. Kisha nikafungua barua.

Unauliza nani alikosea. Hakuna aliyekosea.

Mlikuwa na miaka minne. Surua iliingia Ngagara nyumba kwa nyumba. Bukuru alikufa asubuhi. Wewe ulikuwa umelala kwenye mkeka ule ule, unawaka, macho yamefumba, hujui hata kama mwenzako ameondolewa. Mzee mmoja wa mtaa alitushauri kwa upole tungoje, ili tuchimbe mara moja.

Unajua watu wetu wanavyofanya. Jirani yetu aliyezika watoto watatu alimwita wa nne Kabwa, kijibwa, ili kifo kikisikia jina kimdharau, kipite. Mimi nilikuwa nawacheka. Nilikuwa mwalimu wa Kilatini wa seminari, mtu wa vitabu. Lakini fundi aliponiuliza, "Tuandike nini, Mwalimu?", mkono wangu uliandika Palladis. Nikaona nilichoandika, sikufuta. Nilitaka kifo kipite pale, kisome, kiseme: huyu nimeshamchukua. Siku tuliyoweka jiwe uliomba maji. Kesho yake ukaomba uji.

Mama yako hakujua Kilatini ila alijua kwamba mimi sikosei. Aliliangalia jiwe, akaniangalia, na tangu hapo hakukuruhusu kufika. Na mimi sikulitamka tena jina la Bukuru, kwa hofu kwamba kifo kingesikia, kikarudi kuhakiki. Nilimficha mtoto mmoja nyuma ya mwingine. Aliyefichwa alipona, na aliyemficha nikamwacha nje bila jina. Nilimpenda, Pallas. Nataka ujue kwamba nilimpenda, na kila nilipokuita wewe mezani nilisikia pengo mahali ambapo ile sauti nyingine ilipaswa kufuata.

Nimekwenda kuliona jiwe. PALLANTIS, vizuri kabisa. Maisha yangu yote sijawahi kuogopa maandishi yasiyo na kosa mpaka leo. Sasa kila anayepita anaweza kusoma kwamba msichana hayupo pale. Na wewe una wawili tumboni.

Kaa karibu na hospitali. Nakuomba.

Baba yako


Kigoma, 30 Machi 2024

Baba,

Nimelia mpaka Jimmy akafikiri nimeletewa habari ya kifo chako. Ningejua, nisingeligusa. Au ningeligusa, sijui. Bukuru naye alikuwa mtoto wako.

Ile sauti ya Palla imenyamaza. Ilinyamaza baada ya fundi kumaliza kazi. Naamini Mama amempata mwanawe, na nilifurahi kwa ajili yao. Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa nyumba tu, na mimi nikaanza kuimba jikoni.

Halafu juzi nilikuwa naanika nguo. Sauti ilikuwa ya Mama, ile ile. Safari hii s ilikuwepo. Pallas. Hakuna mwingine anayeitwa hivyo, Baba, ni mimi. Jioni damu ikatoka. Nimelazwa, nimekatazwa kutembea. Watoto bado wanacheza, wote wawili.

Sikuitika. Niliuma kanga. Lakini maisha yangu yote Mama akiniita nimeitika "Karame", na ulimi ulinyanyuka wenyewe kabla sijafikiri. Akiniita tena sijui kama nitaweza kujizuia. Namkumbuka mno.

Niambie la kufanya. Wewe ndiye mwalimu.

Pallas


Ngagara, 8 Aprili 2024

Mwanangu Pallas,

Usiitike. La kufanya nimeshalifanya.

Nilimwita fundi yule yule wa Audace. Upande wa pili wa Mama yako pana nafasi yangu, na nimeshaweka jiwe langu. Shangazi yako amenuna, anasema mtu mzima hajiziki halafu akarudi kuuliza chakula kiko wapi. Majirani wamekuja kunipa pole kwa ajili yangu mwenyewe, nami nimewapa chai. Jiwe linasema hivi: NEPOMUCENUS PATER PALLANTIS ET PALLADIS. Ile s ya katikati, ambayo karani aliniongezea kwenye kitambulisho, nimeiacha nje. Nimeibeba vya kutosha.

Sasa soma kama nilivyokufundisha. Palladis iko pale tena, herufi zile zile, udongo ule ule. Lakini safari hii haimiliki mifupa, inamiliki baba. Mwenye kusoma sentensi yote ataelewa kwamba mimi ni wenu, wewe na mwenzako. Kifo hakisomi sentensi, mwanangu. Kinatafuta jina. Kitaliona, kitaridhika, na mifupa kitakayoikuta chini yake itakuwa ya mzee ambaye hana haraka ya kwenda popote. Na sijaandika uongo. Uongo wa kwanza ulimtosha mtoto mmoja tu. Huu ukweli unawatosha nyote.

Usimwogope Mama yako. Hakuiti kwa ubaya. Amempata mmoja, anauliza mwingine yuko wapi, kama alivyofanya kila jioni. Mimi nitakwenda kumjibu, ni kazi yangu.

Kwa hiyo sheria ni hii. Mama akikuita, nyamaza. Nikikuita mimi, itika. Nitavuta ile s ya darasani, utanijua.

Kikohozi kimenishukia kifuani. Si kitu.

Baba yako,
Népomuscène, kwa s zote


Kigoma, 29 Julai 2024

Baba,

Watoto wamefika! Jana Jumapili asubuhi, kengele za misa zikilia. Msichana ametangulia, mvulana amefuata, na wote wanalia kwa nguvu ambayo hata wewe ungeisikia. Ninaandika nikiwa nimelala, uvumilie mwandiko. Simu yangu ilitumbukia kwenye beseni katika zile pilikapilika za kuondoka nyumbani, kwa hiyo dunia nzima haijui isipokuwa Jimmy, na yeye hawezi kusema, analia tu.

Nikuambie kilichotokea. Msichana alikuwa ametoka, mvulana akakwama. Mkunga, ambaye tangu alfajiri alikuwa ananitania, akaacha kunitania. Nikaanza kuwa mbali. Sina neno jingine, nilikuwa naviona vidole vyangu lakini si vyangu. Hapo nikaitwa. Pallas. Nikauma midomo, nikidhani ni Mama. Ikaja tena, na s ndefu, ile ya darasani, ile ya kuwanyamazisha wavulana wa dirishani kule seminari. Nikajua ni wewe. Nikaitika kwa sauti yangu yote, "Karame!"

Mkunga akashtuka. "Unamwitikia nani?"

"Baba yangu."

"Yuko nje?"

"Yuko Ngagara," nikamwambia, na mvulana akatoka.

Tangu Juni Audace anarudi mikono mitupu. Najua umenuna kwa sababu Mei sikuandika. Nilikuwa naogopa kuandika, nikidhani nikiandika jina langu chini ya barua kitu kitalisoma. Sasa siogopi. Mama hajaniita tena tangu ulipoweka jiwe lako.

Nitumie majina ya watoto. Mawili, Baba, tafadhali. Yawe tofauti hata kwa mtu asiyejua Kilatini.

Binti yako,
Pallas


Ngagara, 29 Julai 2024

Mwanangu Pallas,

Ni mimi Shangazi yako Prudence. Nimekupigia simu tangu jana mpaka nimechoka, inasema haupatikani. Ya Jimmy inaita tu, hapokei. Samehe mwandiko. Kaka yangu angeyasahihisha haya yote kwa kalamu nyekundu.

Ametutoka, mwanangu. Jana Jumapili asubuhi. Tangu Juni alikuwa hawezi kushika kalamu. Nilitaka kukuambia, akanikataza kwa sababu ya mimba yako, na unajua akikataza. Tunamzika kesho. Jiwe lake linamngoja, na mimi niliyelinunia sasa nalishukuru, maana sijui ningeandika nini.

Nataka ujue mwisho wake, kwa sababu mimi siuelewi na labda wewe utauelewa. Alikuwa hajasema neno kwa siku kadhaa. Kengele za misa zikaanza kulia, nikawa natafuta viatu vyangu. Akafungua macho, akakuita. "Pallas." Nikamsogezea midomo yangu aisome, nikamwambia Pallas yuko Kigoma, hawezi kukusikia. Akanisukuma pembeni. Akakuita tena, kwa nguvu, akaivuta ile s mpaka pumzi ikamwishia.

Kisha akageuza kichwa, akatega sikio. Kaka yangu, ambaye miaka yote hii hasikii hata mvua kwenye bati. Akabaki hivyo, anangoja, halafu uso wote ukafunguka.

Nikamuuliza, "Kaka, unasikia nini? Hapa apana mutu."

"Ameitika," akasema. "Amesema Karame."

Hakusema kitu kingine.

Audace amesimama mlangoni, meli yake inapakia bandarini na anataka barua. Siku zako najua zimefika. Niandikie upesi utuambie kama umezaa, na kama mko wazima wote.

Shangazi yako,
Prudence